Asiye na Gazeti Hubandikwa Jina

Kamati ya jarida letu ilinitaka niandike juu ya faida za kusoma magazeti. Nimekubali, ila magazeti yenyewe huenda siyo yale waliyokuwa nayo akilini. Nataka kuzungumzia magazeti ya biashara ya gemu za video. Naam, gemu! Hizo hizo za PS ambazo hutajwa kwenye paredi kila Jumatatu, tena hazitajwi kwa wema. Nawasihi mnisome hadi tamati ndipo mnihukumu, kwani wahenga walinena, mgala muue na haki yake umpe.

Kwanza tuelewane. Magazeti ni ya namna mbili. Lipo la mnunuzi na lipo la mwenye kazi. Mtu anayekula samaki pale ufuoni anataka kujua tu kama samaki amekaangwa akaiva. Mama anayemkaanga ana maswali mengine kabisa: mafuta yamepanda kiasi gani, barafu inapatikana wapi, nani hulipa kwa wakati na nani ni mdeni sugu, kanjo hupita saa ngapi. Gazeti likijibu maswali ya mama huyo, hilo ni gazeti la wenye kazi. Wewe na mimi hatungelinunua. Halina porojo za wasanii wala picha za kubandika kitandani. Lakini kwa mwenye kazi ni macho na masikio yake.

Magazeti ya aina hii yana historia ndefu, na ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1894, katika mji wa Cincinnati kule Marekani, lilianzishwa gazeti la watu wa kubandika mabango ukutani. Ndiyo, wabandika mabango! Likaitwa Billboard, yaani bango lenyewe. Wabandika mabango walitangaza sarakasi na maonyesho, basi gazeti nalo likafuata sarakasi na maonyesho. Zilipokuja zile mashine za santuri za kutumbukiza sarafu kwenye mabaa, likafuata huko pia. Leo dunia nzima inalijua kwa orodha zake za nyimbo, na vijana wanaoziimba hawana habari kwamba mambo yalianza na ndoo ya gundi. Mwaka 1942 likazaliwa jingine, Cash Box, ambalo maana yake ni kisanduku cha pesa. Hapo hapakufichwa nia! Hilo liliwahudumia watu wa santuri na mashine za sarafu kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa sikilizeni gemu zilivyoingia. Juni 1972, Nolan Bushnell na Ted Dabney walianzisha kampuni ya Atari huko California. Fundi wao, Allan Alcorn, akaunda mashine iliyoitwa Pong: vijiti viwili na kitone kimoja kwenye skrini, mfano wa tenisi ya mezani. Mashine ya majaribio waliiweka katika baa moja mjini Sunnyvale iliyoitwa Andy Capp's. Haukupita muda mrefu, simu ikapigwa kutoka baa: njooni mwone mashine yenu, imekufa. Alcorn kufika na kuifungua, akakuta haina ugonjwa wowote. Sarafu za senti 25 zilikuwa zimejaa pomoni mpaka hapakuwa na nafasi ya kuingia nyingine. Nikimsimulia kaka yangu kisa hiki alicheka akasema huo ndio ugonjwa anaouombea.

Kufumba na kufumbua, wenye mashine za santuri wakawa wananunua mashine za gemu na kuziweka kando ya santuri. Tatizo likawa jina. Kitu kile kiitweje? Wengine walikiita gemu ya TV. Katika Cash Box alikuwepo mwandishi, Eddie Adlum, aliyesimamia kurasa za mashine za sarafu. Yeye aliona jina hilo la TV halikai vizuri mdomoni. Billboard walikuwa wakitumia neno video walipoeleza mashine za kuonyesha filamu kwa sarafu. Adlum akaliazima neno hilo, akaziita gemu za video. Ndivyo jarida lake mwenyewe lilivyosimulia katika toleo la Septemba 1982. Wapo wanaobisha. Kuna barua ya Bushnell ya Julai 1972 ambamo neno hilo limo tayari, na mtu akijisifu mwenyewe ni sharti tumpunguzie kidogo. Hata hivyo, ubishi wote huo ni ubishi wa watu wa kazi ile ile. Neno ambalo leo hutamkwa kutoka Tokyo hadi Kondele halikutungwa na profesa wala halikupitishwa na bunge. Lilitoka kwa wauzaji wa mashine na waandishi wao, kisha likaenea kupitia kurasa ambazo mchezaji wa kawaida hakuwahi kuziona.

Huyu Adlum, kwa taarifa yenu, alikuwa pia ameongoza filamu ya kutisha iliyotoka mwaka 1972, ya wakulima wanaotafuta damu ya watu badala ya mbolea. Sijaiona, na mama yangu amesema sitaiona.

Desemba 1974, mtu aitwaye Ralph Lally alianzisha jarida la Play Meter huko Louisiana. Oktoba 1975, Adlum naye akaanzisha lake, RePlay, huko California. Mwaka huo huo wa 1975 ndipo Hilary Ng'weno alipoanzisha The Weekly Review mjini Nairobi, gazeti ambalo wazee wetu hulitaja kwa heshima mpaka kesho ingawa lilikoma mwaka 1999. Play Meter lilidumu hadi 2018. RePlay lilivuka miaka 40. Fikirini! Jarida la mashine za kuchezea likapita umri wa gazeti la siasa lililosomwa na mawaziri.

Yaliandika nini hasa? Hapa ndipo uhondo ulipo. Yalichapisha majedwali ya mashine zipi zinaingiza pesa nyingi, kutokana na taarifa za wenye mashine wenyewe. Mtu aliyekuwa na baa tatu katika kijiji kisichojulikana aliweza kujua kama anunue mashine mpya au asubiri. Yalieleza jinsi ya kutengeneza skrini iliyokufa. Yalibeba matangazo ya vipuri. Yalipima gemu mpya kwa jicho la mwenye mali, na jicho hilo haliwi sawa na la mchezaji. Kwetu sisi gemu tamu ni ile unayotumbukiza sarafu moja ukacheza mpaka giza liingie. Kwa mwenye mashine, hiyo ni hasara tupu. Yeye anataka gemu ambayo utashindwa haraka, lakini utashindwa kwa namna ambayo roho itakuuma urudi tena. Tangu nijue hilo, kila nikipigwa bao la dakika ya mwisho nashangaa kama si mimi ninayechezwa.

Tukirudi nyumbani. Ukishuka kwenye matatu pale Kondele, chini ya barabara ya juu, ukaacha wauza mitumba na wachoma mahindi ukaelekea upande wa Manyatta, utapita vyumba vya PS hata ukose hesabu. Ni vibanda vya mabati, pazia mlangoni, mabenchi mawili, televisheni tatu au nne, na waya zilizofungwa kwa gundi ya karatasi ya nailoni. Ndani ni FIFA. Nasema FIFA ingawa gemu yenyewe imebadilishwa jina tangu 2023 na kuitwa EA Sports FC. Kampuni ilitumia pesa nyingi kutangaza jina jipya. Kondele haikusikia. Hapo utaona kwamba mwenye mali hana mamlaka yote juu ya jina. Watu wa kazini wakishalizoea lao, limekwisha kuota mizizi.

Biashara hii ina elimu yake. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifungua macho. Anajua televisheni gani haichelewi kuonyesha pasi baada ya kidole kubonyeza. Anajua padi ipi ni halisi na ipi itaanza kujiendesha yenyewe baada ya wiki mbili, mchezaji wako akikimbia kushoto bila kutumwa. Anajua fundi yupi hubadilisha kile kifimbo cha padi na yupi huiba kizima na kuweka kibovu. Anajua saa ambazo tokeni za stima huisha haraka, na kwa nini mechi ya dakika sita ina faida kuliko ya dakika nane. Anajua mteja gani akifungwa hupiga padi chini, na ana bei yake maalumu. Mwenzake wa jirani, hatua hamsini kutoka hapo, anajifunza mambo hayo hayo upya kwa hasara yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mahali yalipoandikwa. Kila mmoja anapigwa na fundi yule yule kwa zamu!

Hilo la kupigwa na fundi lingevumilika. Kubwa ni hili. Mwaka jana walikuja maafisa wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Wakaingia chumbani kwa kaka, wakachomoa mashine tatu na televisheni mbili, wakasema amefungua nyumba ya kamari. Yeye akawaonyesha kibali cha biashara ukutani. Akawaambia kwa Kiingereza, hizi ni games tu. Afisa mmoja akamjibu, naye kwa Kiingereza, kwamba gaming ndiyo hiyo hiyo. Mambo yakaishia hapo. Ilichukua wiki tatu na safari nyingi za boda kuzikomboa, na padi moja haikurudi hadi leo. Katika wiki hizo tatu mimi ndiye niliyekosa karo ya muhula, kwa maana karo hiyo ilikuwa ikitoka ndani ya zile mashine. Mnaosema vyumba vya PS vinaharibu masomo, mimi mwenzenu vimenisomesha.

Nimelitafakari sana jibu la yule afisa. Waama, hakulitoa hewani. Sheria ya kamari ya Kenya iliyotungwa mwaka 1966 iliitwa Betting, Lotteries and Gaming Act. Katika Kiingereza cha sheria, neno hilo la mwisho ni kamari: kuweka pesa ukitumaini bahati ikurudishie zaidi. Katika Kiingereza cha vijana, neno hilo hilo ni kucheza gemu. Mwaka 2018 serikali ilipozikamata na kuziteketeza zile mashine za kamari za sarafu zilizojaa mpaka kwenye vijiji, mtu yeyote mwenye skrini na waya alianza kulala jicho moja wazi. Lakini tazameni utajiri wa lugha yetu! Kiswahili hakina mkanganyo huo. Kamari ni kamari, mchezo ni mchezo. Kwa Kidholuo pia, tugo ni mchezo, na hakuna mzee Kondele atakayekwambia mtoto anayecheza tugo amecheza kamari. Laiti mazungumzo ya mlangoni siku ile yangefanywa kwa Kiswahili, na laiti kaka angekuwa na karatasi iliyochapishwa inayoeleza biashara yake ni nini, nani anaingia, analipia nini na anapata nini. Alilipia dakika, hakutarajia pesa. Basi. Mistari mitatu ingetosha.

Wamarekani nao walipitia haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazazi na mabaraza ya miji waliziona nyumba za gemu kuwa pango la watoro. Mji wa Mesquite huko Texas ulipiga marufuku walio chini ya miaka 17 kucheza mashine hizo bila mzazi au mlezi, na shauri likafika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi yao mwaka 1982. Huko Ufilipino, Rais Marcos alipiga marufuku gemu za video nchi nzima mwaka 1981. Sisemi gazeti lingemzuia Marcos. Huyo hakuzuiwa na mengi. Nasema tofauti ni hii: mwenye mashine wa Texas alikuwa na mahali pa kusoma kwamba hayuko peke yake, kwamba mji wa tatu kutoka kwake wana kesi kama yake, na wakili wao alijibu vipi. Wa Kondele husikia habari kwa mdomo, tena zikiwa zimeongezwa chumvi, na mara nyingi gari la maafisa likiwa limekwisha kata kona.

Najua mnachotaka kusema. Mwalimu wangu mmoja, baada ya kusoma rasimu hii, aliniuliza: je, si kweli kwamba wanafunzi wanadoji vipindi wakaenda huko? Ni kweli. Nimewaona, na wao wananiona ninapoandika haya. Mwanafunzi mwenye sare hana kazi chumbani humo saa nne asubuhi, na mwenye chumba anayempokea anajichimbia kaburi. Ila nani amewahi kukaa na wenye vyumba hao akawaambia hivyo wakiwa pamoja? Kila mmoja huogopa kuwafukuza wenye sare kwa kuwa ataona wameingia kwa jirani. Wakikubaliana wote, kwa maandishi, kwenye karatasi inayosomwa na wote, hakuna atakayepoteza mteja kwa jirani. Gazeti la wenye kazi hufanya kazi hiyo pia, ya kuwaweka washindani meza moja.

Wala nisiwadanganye kwamba magazeti haya ni malaika. Yanaishi kwa matangazo ya wale wale wanaotengeneza mashine. Ni vigumu kumwambia anayekulisha kwamba mashine yake ni takataka. Biashara ya gemu za nyumbani kule Marekani iliporomoka kuanzia mwaka 1983, maduka yakajaa gemu mbovu zisizonunuliwa, na katika matangazo ya miezi ya nyuma yake kila kitu kilikuwa kizuri ajabu. Sisi tukianzisha letu, tangazo la kwanza kubisha hodi litakuwa la kampuni ya kubeti. Nasema mapema: hilo tulikatae. Tukilichapisha, yule afisa atakuwa amepata ushahidi wake.

Lipo jarida jingine la fani hii ambalo ningependa mlijue. Liliitwa Game Developer, la watu wanaotengeneza gemu zenyewe, nalo lilidumu kutoka 1994 hadi 2013. Lilikuwa na safu moja niipendayo. Kundi likishamaliza gemu, mmoja wao aliandika mambo gani yalikwenda sawa na yapi yalikwenda mrama. Wazi wazi, mbele ya washindani! Tulikosea hapa, tulichelewa pale, pesa ziliisha mwezi fulani. Hebu wazieni mtu wa Kondele akiandika hivyo: nilinunua televisheni kubwa kwa mkopo, nikadhani wateja wataongezeka, hawakuongezeka, kwa sababu benchi ni lile lile moja. Hiyo ni elimu ambayo haipo kwenye kitabu chochote cha biashara tunachofundishwa.

Na tusidhani Kenya ni nchi ya wachezaji tu. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, ikatoka mwaka 2007. Planet Rackus wa Nairobi walitengeneza Ma3Racer, gemu ya simu ya kuendesha matatu, na yeyote aliyepanda matatu za njia ya Kondele anajua kwamba mchezo huo haukuhitaji utafiti mwingi. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ambapo jiji linavamiwa na viumbe kutoka anga. Watu hawa walipita njia ambayo haikuwa imefyekwa. Ningependa kusoma jinsi walivyoifyeka, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, na wapi miiba iliwachoma.

Kwa nini Kiswahili? Baadhi ya wenzangu wanasema watu wa gemu ni watu wa Kiingereza. Hao hawajaingia Kondele siku ya Jumapili jioni. Benchi moja ina Mluo, Mluhya, Mkisii na kijana Mnubi, na wote wanatukanana kwa Kiswahili. Hicho ndicho kinachotumika kudai chenji. Hapa kuna mabishano chamani ambayo nataka kuyatolea msimamo. Wapo wanaotaka kwanza tuketi tutunge istilahi: padi iitwe hivi, skrini iitwe vile, ndipo tuandike. Mimi napinga. Adlum hakuitisha kongamano. Alichukua neno lililokuwa likizurura katika kazi yake akaliandika wiki baada ya wiki mpaka likakaa. Kondele wanasema padi, tuandike padi. Wanasema gemu, mechi, kulipia saa, kukula deni, tuandike hivyo hivyo, na kamusi zitufuate zikipata nafasi. Tukianza na maneno ambayo mwenye chumba hajawahi kuyasikia, atafungia mandazi kwa gazeti letu, na atakuwa na haki.

Wala mji wetu si mgeni wa mambo haya. Miaka ya 1940 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoanzisha kampuni yao ya biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, hawakutosheka na maduka na majengo. Walikuwa na mtambo wa kuchapisha, Ramogi Press, na gazeti la Nyanza Times. Walikuwa wafanyabiashara waliobanwa na sheria za mkoloni kila upande, na katika pesa zao chache walizochanga wakaona ni lazima sehemu iende kwenye wino. Kama wao waliweza kununua mtambo mzima enzi hizo, sisi tutashindwa na karatasi mbili za kutolewa nakala?

Hiyo basi ndiyo hoja ninayoiweka mbele ya Chama. Nimezungumza na kaka na wenye vyumba wengine sita kutoka Carwash hadi Kona Mbaya. Wamekubali kutoa habari, ila si majina yao. Toleo la kwanza litakuwa karatasi moja, pande mbili. Upande wa mbele utakuwa na bei: saa moja ni ngapi wapi, padi mpya, padi ya mkono wa pili, kubadilisha kifimbo kwa fundi. Chini yake yatakuwa maelezo mafupi ya chumba cha PS ni nini na si nini, kwa lugha ambayo afisa anaweza kuisoma akiwa amesimama mlangoni, na mwenye chumba ataruhusiwa kukata kipande hicho abandike ukutani kando ya kibali. Upande wa nyuma utakuwa na makubaliano ya saa na sare, yakishatiwa sahihi na vyumba vyote saba, pamoja na safu ya mtu mmoja aliyepata hasara akieleza ilivyokuwa. Ya kwanza ninayo tayari, ya yule wa televisheni ya mkopo. Imenichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Jina la karatasi halijapatikana. Kaka anataka iitwe Padi, mimi nataka Benchi. Wenye maoni wanione Kidato cha Tatu, dawati la mwisho karibu na dirisha lililovunjika, baada ya chakula cha mchana. Tunahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri, mtu anayejua kuchora, na mwalimu mmoja wa kusahihisha ngeli.